Mume Wangu na Magofu ya Wamaya

Mume wangu alikuwa na wazimu mmoja tu, magofu ya Wamaya. Wanaume wengine wa kwetu hapa Sydney huchanganyikiwa na magari au mpira. Wangu aliona picha ya piramidi iliyomezwa na msitu katika kitabu cha shule akiwa darasa la sita, na tangu siku hiyo hakupona. Tulipokuwa tukichumbiana alinieleza habari za mapiramidi hayo mpaka chai ikapoa. Nilidhani ataacha. Hakuacha.

Mwanzoni mwa mwaka ule wa korona alipata tiketi ya bei ya kutupa kwenda Meksiko, walikojenga Wamaya, ile ya kushinda unasubiri uwanja wa ndege wa Los Angeles karibu siku nzima. Angesafiri kwa mabasi, angelala kwenye bembea za kamba, angekula maharagwe asubuhi na jioni. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba. Alisema mtoto akishazaliwa hataenda tena mpaka azeeke, na hapo alisema kweli, kwa hiyo nilinuna nikachoka kununa, kisha nikampikia chapati za njiani.

Hatukumwambia mtu. Kwetu safari haitangazwi mapema. Hutangazwa kwa picha, ukishaenda na ukisharudi salama. Binamu yangu aliwahi kuagwa kwa sherehe, mbuzi wakachinjwa, kisha watu wa uhamiaji wakamrudisha kutoka uwanja wa ndege, na mpaka leo kule nyumbani wanamwita Mzungu. Sisi hatukutaka macho ya watu. Kanisani nikasema mume wangu amepata zamu za usiku kwenye ghala moja huko Penrith, pembezoni mwa jiji, Jumapili analala. Watu wakamwombea nguvu.

Jirani yetu pale mtaani Lidcombe, mama wa Kikongo aliyenichukua kama binti yake, alinitazama tu. Ukuta kati yetu ulikuwa mwembamba na mume wangu hukoroma. Lazima alijua kwamba chumba kile hakikuwa na mwanamume, usiku wala mchana, lakini hakuuliza.

Kisha korona ikaacha kuwa habari ya nchi nyingine. Madukani mchele ukaisha, karatasi ya choo ikaisha. Jumatatu moja, dada wa kanisani aliyefanya kazi ya kuuza tiketi za ndege aliandika katika kundi letu la WhatsApp kwamba yeyote mwenye mtu wake nje amwambie leo, bado anaweza kupata viti. Watu wakataja waume zao na mama zao, tukawaombea mmoja mmoja. Mimi niliandika Amina. Wakati huohuo nilikuwa namwandikia mume wangu, aliyekuwa katika mji wa mwisho wenye mtandao, nikimsihi arudi. Akajibu kwamba hizo ni kelele za magazeti, kwamba gari la kuingia msituni linaondoka asubuhi, kwamba anataka kuyaona magofu mara moja tu kisha atarudi mbio. Na nisimwambie mtu.

Niliitukana simu. Lakini kwenye kundi sikusema kitu. Ningeanzia wapi, na watu walikuwa wameliombea ghala lote lile, mpaka na msimamizi wake?

Siku chache baadaye serikali ikatangaza kwamba asiye raia wala mkaazi wa kudumu hataingia tena nchini, na mlango unafungwa kesho yake usiku. Mimi nilikuwa na viza ya mwanafunzi wa uuguzi, naye alikuwa nchini kwa mgongo wa viza yangu. Nikampigia. Nikampigia tena. Ujumbe wangu ulikaa na tiki moja ya kijivu, na ile tiki niliichukia kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu yeyote. Nikakaa chini bafuni, ambako vigae vilikuwa na baridi, mtoto akinipiga mateke ya mbavu, nikalia kwa sauti ambayo ukuta ule haungeweza kuizuia.

Mama wa Kikongo akagonga. Nilimweleza yote: Meksiko, msitu, piramidi, ghala la uongo. Akaketi nami palepale kwenye vigae. Yeye alikuwa amevuka mipaka kwa miguu, mtoto mgongoni, na hakuwa na haja ya kuelezwa mpaka kufungwa ni nini.

"Mwanangu, kwa nini ulinificha?" akasema. "Miye niko mutu wa inje? Leta telefone, tuambie batu ba kanisa."

Nikaandika kwenye kundi. Mmoja akauliza kama hata zile zamu za usiku zilikuwa uongo. Dada wa tiketi alikwenda kutafuta viti. Kisha akanipigia, akasema polepole kama mtu anayempa mgonjwa majibu.

"Monday nilikuwa na seats, dada. Saa hii hata akitoka huko sasa, hafiki before wafunge."

Hata hivyo waliomba. Waliomba mpaka mlango ukafungwa, na mama wa Kikongo akanisongea fufu, ugali wa kwao wa muhogo. Nilijiona mjinga, nilimwona mume wangu mjinga zaidi, na nilimtaka nyumbani. Sikujua bado kwamba mlango ule ungekaa umefungwa mpaka mtoto niliyembeba awe anakimbia.

Asubuhi iliyofuata simu ikaanza kulia mfululizo. Ujumbe wangu wote ulikuwa umepata tiki ya pili, na picha zake zikawa zinaingia moja baada ya nyingine: miti, miti, ngazi za mawe, halafu yeye mwenyewe juu ya piramidi, amekonda, mikono ameinyanyua, anacheka kama mtoto wa darasa la sita. Chini ya picha hiyo palikuwa na maneno aliyoyaandika kule juu, kabla hajasoma neno langu hata moja. Mama wa Kikongo akaniuliza anasema nini, nami nikamsomea.

"Nimefika. Usiambie mtu hadi nirudi."