Mikono Miwili ya Kushoto

Mimba yangu iliharibika wakati mdogo wangu naye ni mjamzito, tumbo limeshachomoza. Tulikuwa tukishona pamoja katika chumba kimoja mtaani Buyenzi, tukipakana ukuta mmoja na gereji. Majirani waliponiona nimenuna, walisema nalionea wivu tumbo lake. Ukweli ni kwamba nilikionea wivu kichwa chake.

Mafundi waligonga mabati tangu asubuhi, yeye hasikii. Mteja akimtajia vipimo mara moja tu, anaanza kukata huku yeye na mteja wakicheka. Mimi vipimo hivyohivyo vilinipita. Nyundo ikianguka, moyo uliruka, na kabla haujatulia nilikuwa nimeshazama: labda nilibeba ndoo nzito, labda mume wangu atanichoka. Nikirudi kwenye kitambaa, sikujua mkasi ulikuwa unaelekea wapi.

Siku moja nilikata gauni la bibi harusi, nikalitia mikono miwili ya kushoto. Mdogo wangu aliufumua mmoja, akakata wa kulia, bila neno. Heri angenitukana. Nilivitazama vidole vyake vilivyotulia, nikatamani sindano imchome.

Ni yeye aliyenipeleka kwa daktari. Daktari, mama wa makamo, alinisikiliza, kisha akanieleza kwamba nina sonona na wasiwasi. Ubongo wenye hofu, alisema, hutumia umakini wake kutafuta hatari, na huzuni huurudisha palepale penye kidonda. Kazi iliyo mbele ya macho inabaki haina mwangalizi. Mimi nilidhani nimekuwa mjinga.

Tukirudi kwa miguu, mdogo wangu akaniuliza, "Dada, unanichukia juu ya mutoto?"

"Apana. Nakuonea wivu vile unashona na haufikirie kitu."

Akasimama. "Nafikiria. Naogopa na yangu itatoka. Ila nikishika kitambaa, ile woga inaniacha."

Alisema ili kunifariji. Mimi wivu ulinizidi: kumbe hofu ilikuwa ileile, ila yeye ilikubali kumwachia mikono.

Nilianza dawa, na kila wiki nikaenda kuzungumza na yule mama. Vipimo vikaanza kukaa kichwani, polepole, siku nyingine vinatoroka tena. Sasa mtoto amezaliwa na ninampenda. Lakini mama yake akimnyonyesha huku mguu wake unakanyaga cherehani, na mshono unakwenda umenyooka, bado roho inaniuma.