Vidonge vya Mshono

Ulikuwa mwaka ule tuliokula unga wa yanga, unga wa msaada, wa njano kama nyongo, ambao ugali wake ukipoa unaweza kumpigia mbwa. Sabuni hakuna, kiberiti hakuna. Ndio mwaka niliopasuliwa. Mtoto alikaa vibaya tumboni, nikashushwa Same juu ya magunia ya kabichi kwenye lori, kila kona ya mlima nikiijua kwa kiuno.

Hospitali sindano kali niliipata siku ya kisu tu. Baada ya hapo vidonge. Nesi alinifungia kwenye karatasi, vyeupe na vyekundu, akasema, "Mama, usingoje iume ndipo umeze. Meza kwa saa zake, vyekundu ukiwa umekula, wala usizidishe. Maumivu yakikushinda hutainuka, na mtoto utamnyonyeshaje?" Shule yangu ilikuwa fupi, sikio halikuwa fupi. Nikashika.

Nikarudi Vudee kwa mama mkwe. Mume wangu alikuwa Makanya anachimba jasi. Saa hatukuwa nayo. Mchana nilimeza kwa kengele ya shule, alfajiri kwa jogoo. Nikikohoa nauma khanga. Lakini dawa ikishaingia naweza kukaa, namweka mwanangu kwapani, ananyonya. Yule yule ambaye leo ana watoto wakubwa, na binti zake wakipasuliwa wanarudi na mfuko mzima wa dawa kutoka duka la barabarani. Wakati ule karatasi yangu ilikuwa ndiyo duka la kijiji.

Maana kwetu moto hanyimwi mtu. Asubuhi jirani anakuja na kigae, anachota kaa jikoni kwako, anakwenda. Chumvi hivyo hivyo. Mama mkwe, mwanamke wa kugawa, akaviweka vidonge vyangu kwenye hesabu ya moto. Wa kichwa kaja, kapewa. Wa mgongo kaja, kapewa.

"Mama, vinapungua."

"Weye umelala kitandani, unaumwa nini? Sisi tulizaa shambani tukarudi na kuni."

"Hamkupasuliwa."

"Ndiyo! Weye hukuzaa, ulitolewa."

Mgeni wake akacheka, kidonge changu kikiwa bado mdomoni mwake.

Siku moja mama mkwe akaenda msibani, na karatasi yote kaifunga kwenye pindo la khanga, awape waliolia mpaka vichwa vikauma. Kengele ikalia, sina cha kumeza. Ikalia tena. Mchana ukungu uliingia mpaka ndani, na mshono ukawaka kama umepakwa pilipili. Mtoto alikuwa kwenye kitanda cha pili, hatua chache. Nilijivuta, nikashindwa. Alilia, alilia, halafu akanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikoniuma kuliko kisu.

Mama mkwe aliporudi alimwinua, akamleta titini mwangu. Alikuwa hai, midomo imekauka. Mimi mkono mmoja kwa mtoto, mkono wa pili kwenye pindo la khanga yake. Nikafungua fundo. Vilibaki vichache. Nikavifunga kwenye khanga yangu mwenyewe, nikamwambia, "Moto nitatoa. Chumvi nitatoa. Vidonge sitoi."

Habari ilipanda mlima na kushuka. Majirani wakaacha kuja hata kuchota kaa. Mama mkwe akawa ananiwekea ugali mlangoni kama mfungwa, na uji wa mzazi sikuuona tena. Nilikaa na mtoto na ukungu.

Halafu akaja baba mkwe. Kwa desturi hasogelei chumba cha mzazi, na hakuna mtu aliyewahi kumnyima kitu. Akasimama nje ya ukuta, shavu limemvimba. Nilimwona kwenye ufa.

"Hodi, mkaza mwanangu."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Jino hili litaniua. Nipe kimoja tu, mama, kimoja."

Kengele ya shule ikalia. Nikafungua fundo, vilikuwa viwili, cha saa ile na cha jioni. Nikameza changu, mtoto akiwa ananyonya.

"Baba," nikasema, "moto nitatoa. Chumvi nitatoa. Vidonge sitoi."