Panchi Iliyochacha

Siku yangu ya kwanza kazini nilimenya mananasi tangu asubuhi hadi vidole vikaanza kuniwaka moto. Nanasi ni tunda lenye hasira. Maji yake mabichi hula ngozi, na hakuna aliyenionya. Hoteli ile ilikuwa Thika, upande wa mtoni. Niliajiriwa kama msaidizi wa baa, cheo ambacho kwa kweli kilimaanisha kumenya, kukamua, kuosha na kunyamaza. Jioni Mkuu wa Vinywaji alipita, akatazama mikono yangu, akasema, "Paka mafuta ya kupikia. Kesho utarudi ama umetosheka?" Nikarudi. Nilirudi karibu maisha yangu yote, na ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaoanza sasa, mnaodhani panchi ni kukata pakiti na kumwaga maji.

Panchi, kwa asiyejua, ni maji ya matunda yaliyochanganywa, yakatiwa gesi na kupakuliwa kutoka bakuli kubwa wakati wa sherehe. Msingi wake tuliuita "mama": nanasi, chungwa na karakara, vyote vimechujwa mara mbili. Maganda ya nanasi hatukuyatupa. Tuliyachemsha na tangawizi na sukari hadi yakatoa shira, yale maji mazito matamu yanayoipa panchi mwili. Kuchemsha kulikuwa sheria. Ganda bichi la nanasi lina hamira yake lenyewe, na ukililaza kwenye sukari mahali pa joto, litajitengenezea pombe bila kukuomba ruhusa. Barafu tuliigandisha bonge moja, kwa sababu vipande vidogo huyeyuka upesi na kuizimua panchi. Maji ya gesi yalikuja mwisho kabisa, wageni wakiwa wamekaa, yakimiminwa taratibu ubavuni mwa bakuli. Ukikoroga, umeiua.

Mkuu wa Vinywaji alikuwa mtu mfupi, mkavu, asiyejua kusifu. "Hii kitu haijui kungoja," alituambia kila Jumamosi. "Ikibaki jioni, mwaga. Kesho usinionyeshe." Mimi nimelelewa na mama aliyepangusa sufuria kwa kidole, kwa hiyo kumwaga kuliniuma. Hata hivyo nilimwaga. Nilikuja kumwelewa nikiwa nimeshazeeka, naye ameshazikwa.

Hoteli ilipouzwa tulitawanyika. Nilikaa miaka kadhaa katika klabu moja ambayo sina la kuisifia, kisha nikachukuliwa na kampuni ya upishi wa sherehe kule Ruiru, karibu na Kimbo. Mkubwa wetu tulimwita Madam Mkurugenzi. Alikuwa na haraka ya kila kitu, lakini alilipa watu wake na alijua soko. Wakati huo waliookoka walikuwa wamejaa, na hawakutaka muratina, pombe yetu ya asali, katika ruracio, yaani siku ya familia mbili kukutana kupanga mahari. Shida ni kwamba mila yenyewe inasimama juu ya kikombe. Msichana huletwa mbele, akaulizwa na baba yake kama watu wanywe. Akisema wanywe, huonja kwanza, kisha humpa baba, baba naye hunywa. Hapo ndipo wakwe hujua wamekubaliwa. Kikombe kikikataliwa, wamekataliwa wao. Madam alilielewa jambo hilo upesi. "Mwangi," aliniambia, "hawa watu hawataki pombe, lakini wanataka ikae kama pombe. Wapatie povu kidogo." Basi panchi ikachukua nafasi ya muratina, nami nikapata kazi ya kila wikendi kutoka Githurai 45 hadi Thika na kuzidi.

Sasa nije kwa ndugu yangu, ambaye ningependa nisiwe na sababu ya kumtaja hapa.

Kamau ni mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa fundi wa magari huko Kamenu, na pombe ilikuwa imemmaliza, imebaki mifupa. Alipoacha, aliacha kabisa. Alikataa hata dawa ya kikohozi. Keki za harusi alizipitisha kwa jirani, akihofia kilichotiwa ndani. Mbali na chai ya nyumbani kwake, kitu pekee alichokunywa kwenye shughuli za watu ni panchi niliyoitengeneza mimi. Aliniuliza, "Ni yako?" Nikimwambia ndiyo, alinyoosha mkono. Nimefanyia kazi watu wakubwa wengi, lakini hakuna aliyewahi kunipa heshima kama ile, na niliilinda.

Kisha ikafika ruracio ya binti yake Njoki. Kampuni yetu ndiyo iliyopewa kazi, na nilitaka kuingia jikoni kama kawaida. Wazee wa ukoo wakakataa. Baba mkubwa wa msichana hukaa mbele na wazee, akiwa amevaa koti, wala haonekani na aproni. Nilichemsha shira yangu mapema, nikamwachia Msimamizi wa Jikoni, mwanamke mwenye bidii aliyekuwa amejiunga nasi karibuni, nikamweleza achanganye asubuhi ya shughuli.

Lakini wageni wa ruracio huongezeka kama uvumi. Simu zilipigwa, idadi ikapanda, na yule msimamizi akaona shira haitatosha. Akaiongezea maganda mabichi na sukari ndani ya pipa la plastiki, akalifunika na kuliacha nyuma ya jiko. Joto la wiki ile mnalijua wenyewe, lile la kabla ya mvua. Alipofunua baada ya siku mbili akakuta povu, akafurahi. Alidhani matunda yamejipa gesi yenyewe, na hata maji ya gesi hakuongeza.

Nilikuwa nimekaa kando ya Kamau chini ya hema Njoki alipoletwa. Alikuwa amependeza, na aliona haya kama inavyostahili. Glasi ilijaa, nami niliitazama kwa mazoea ya kazi. Viputo vya gesi ya chupa ni vikubwa, hupanda mbio na kufa. Hivi vilikuwa vidogo mno, vimeng'ang'ania ukingoni kama povu la sabuni.

"Njoki, tunywe?" Kamau akauliza.

"Nyweni, baba," akajibu. Akaonja, akakunja uso kidogo tu, akampa.

Nilimshika kiwiko. "Kamau, weka chini. Hiyo imechacha."

Msemaji wa familia yetu, mzee mwenye sauti nzito, alinisikia. "Mwangi, kikombe cha msichana hakisimamishwi," akasema. "Ama unataka hawa wageni warudi kwao?" Watu wakacheka kile kicheko cha wasiwasi. Upande wa wakwe wakatutazama.

"Si wageni, mzee. Ni hiki kinywaji. Kamau, nipe."

Kamau alinitazama, akamtazama binti yake, kisha akainua glasi. Mila inataka kuonja tu. Yeye alikunywa yote mpaka chini, na wanawake wakapiga ngemi, vigelegele vya furaha.

Nilikwenda jikoni na koti langu, nikamwaga pipa zima, wageni wakapewa soda. Yule msimamizi alilia hata nikashindwa kumgombeza. Madam Mkurugenzi alinifuata pale nje. "Si ni glasi moja tu, Mwangi? Hata haingelewesha kuku." Alikuwa anasema kweli, isipokuwa kwa mtu mmoja katika hema lile.

Kabla mwaka haujaisha, gereji ya Kamau ilikuwa imefungwa. Mama Njoki alihamia Ruiru kwa binti yake, ambaye ameolewa vizuri na ana watoto. Njoki aliambiwa baadaye kilichokuwa ndani ya glasi. Alilia, kisha akaniuliza, "Baba mkubwa, kama ningesema hapana?" Nilimwambia asijiulize hivyo.

Mimi nilistaafu muda si mrefu baadaye. Walinipa saa ya ukutani na hotuba. Kwa miaka mingi nimemkasirikia Madam na haraka zake, nikamkasirikia yule msimamizi, mzee wa sauti nzito, na lile pipa. Kila nilipoalikwa kuwafundisha vijana niliwapigia kelele kuhusu maganda mabichi, na walidhani ni ukali wa uzee.

Jumapili baada ya kanisa mimi huenda Kamenu kumtembelea Kamau. Humpelekea chakula, na maji ya matunda niliyoyakamua asubuhi ileile. Siku nyingine yeye hufungua mlango, nyingine hafungui. Juzi alifungua, akiwa mtulivu kuliko kawaida, na nikajikuta nasema nililokuwa nimelibeba.

"Ningeipiga ile glasi ikaanguka," nikamwambia. "Wangesema niko na wazimu, lakini ingeanguka."

"Wacha, Mwangi." Alikuwa akitazama mikono yake. "Mimi niliijua kabla yako. Njoki akiwa bado anakuja nayo, pua ilikuwa ishaniambia."

"Najua. Ulikunywa kwa ajili ya mtoto."

"Hivyo ndivyo niliambia watu." Akaikunja mikono ile. "Mimi nilishukuru, Mwangi. Nilisema, Mungu wangu, leo hakuna mtu anaweza kunikataza."

Nilimmiminia yale maji ya matunda, akayanywa kwa adabu, kama mgonjwa anayenywa dawa asiyoiamini, akanirudishia kikombe. Tangu siku hiyo sina wa kumkasirikia, na nimegundua kwamba hasira ndiyo iliyokuwa ikiniamsha asubuhi. Mkitaka kujua kuhusu panchi, nimewaeleza yote: chemsheni maganda, mwageni inayobaki, msiilaze. Kuhusu ndugu yangu sina mafunzo. Jumapili nitakwenda tena kubisha hodi.