Mfuko Ambao Hakuna Aliyeuona

Ukiwaambia watu wa Kolwezi, mji wetu wa migodi, kwamba unasomea sheria ya makosa na adhabu, hawakuulizi unajifunza nini. Wanauliza utamtoa nani. Kila familia hapa ina mtu wake aliyepita kwenye kasho, yaani mahabusu ya polisi, na kila familia inataka mwanasheria wake, kama inavyotaka fundi wake wa umeme. Mimi nilikuwa fundi wa familia yetu hata kabla sijafungua kitabu. Tatizo ni kwamba kazi niliyopewa ilikuwa imekwisha kuharibika, maana kaka yangu alikuwa amefungwa na kutoka zamani.

Nianze na hilo. Kaka yangu ni mchimbaji wa mkono, krezeri kama tunavyosema. Nilipokuwa bado sekondari, walinzi wa kampuni moja walimkamata barabarani, wakasema ametoka kuiba mfuko wa madini ndani ya uzio wao. Yeye alisema hakuwa na mfuko wowote. Mama alimpelekea kwenye kasho bukari, yaani ugali, na samaki, na alipokuwa anampitishia sahani akamwambia: ukifika mbele ya juji usibishane, lomba pardon. Kaka alimtii mama. Alipiga magoti, akaomba msamaha kwa kosa alilotuapia kwamba hakulifanya, na juji akaandika kuwa mshtakiwa amekiri. Akafungwa miezi kadhaa.

Alipotoka, mama hakummwagia poda. Kwetu mtu akishinda jambo, akifaulu mtihani wa taifa au akiachiwa na mahakama, anamwagiwa poda nyeupe kichwani hadharani, watu wanapiga vigelegele, na hakuna anayejipangusa. Siku ile kopo la poda lilikuwa juu ya kabati. Mama alilitazama, kisha akaenda kumchotea kaka maji ya kuoga. Aliyelomba pardon hajashinda kitu. Hakuna aliyelitamka hilo nyumbani, lakini kopo lilibaki pale pale juu, na mimi nililichukia kila nilipopita.

Kwa hiyo nilipoingia chuo sikuingia kutafuta koti jeusi. Niliingia na hasira, na hasira ni mwanafunzi mzuri sana, haisinzii darasani.

Mwaka wa tatu tulikuwa na somo la mwenendo wa kesi za jinai. Profesa wake tulimwona kwa nadra, na asistanti wake tulimwona kupita kiasi. Asistanti alikuwa mwanaume kijana mwenye suti ya kijivu na sauti ya mtangazaji wa redio, na alama za mazoezi zilikuwa mkononi mwake. Sote tulijua sheria ya somo lile: ukifeli, unarudia mwaka. Zoezi lake kubwa lilikuwa kesi ya kuigiza. Aligawa nafasi huku akitabasamu. Juji akapewa kijana aliyekuja na gari la baba yake, mwendesha mashtaka akapewa rafiki wa kijana huyo, kisha macho yakanifikia.

"Mademoiselle, we unaikalaka kule kwa ba creuseur, si njo vile? Utacheza prévenu. Iyi kazi utaijua muzuri."

Ba creuseur ni makrezeri, na prévenu ni mshtakiwa. Darasa likacheka. Nami nilicheka, kwa sababu usipocheka siku kama ile watakucheka wiki nzima. Lakini nilichukia.

Kisa kilikuwa chepesi. Mtu amekamatwa na mfuko wa madini, anakiri, anaomba msamaha, mahakama inampunguzia adhabu, wote wanarudi nyumbani isipokuwa yeye. Mwendesha mashtaka alikuwa na hotuba ya kurasa kadhaa. Mimi nilikuwa na maneno mawili matatu, la mwisho likiwa ni pardon.

Nyumbani mama alifurahi. Alisema ni vizuri chuo kinafundisha adabu. Kaka naye akajitolea kunifundisha namna ya kusimama: mikono nyuma, macho chini, mabega yaliyolegea, usimtazame juji usoni. Alifanya hayo yote uani kwa mzaha, tukacheka hadi machozi. Kisha akafika kwenye magoti. Alipoyagusa mavumbi uso wake ukabadilika, akainuka, akachukua ndoo, akaenda bombani. Ndoo ilikuwa imejaa maji tayari.

Pale uani ndipo nilipoamua kwamba mimi sitaomba.

Nikarudi kwenye maelezo ya somo, yale yale ambayo asistanti alituandikia ubaoni kwa sauti yake ya redio. Kitu kilichokamatwa kinaandikwa, kinafungwa, kinaletwa mahakamani, na mshtakiwa anaoneshwa akitambue au akikatae. Sikuyatunga. Ni yeye aliyenifundisha.

Siku ya zoezi tulipanga meza mbele ya darasa. Juji wetu aliniuliza kama ninakiri. Nikamtazama usoni.

"Mheshimiwa, kabla sijajibu, naomba nioneshwe mfuko."

Juji akamgeukia asistanti. Hilo halikuwa kwenye kisa.

"Mademoiselle, mufuko ni ya kufikiria," asistanti alisema kwa upole. "Tuseme tu iko pale."

"Na prison, nayo ni ya kufikiria?"

"Ni exercice! Lomba pardon, tumalize."

"Hapana, asistanti. Muniletee mufuko, niione."

Halafu kutoka viti vya nyuma mtu akapaza sauti: "Mufuko hailalake mu kasho!" Darasa zima likaangua kicheko, na safari hii hawakunicheka mimi. Hakuna mtu wa Kolwezi asiyelijua hilo. Anayekamatwa analala kwenye kasho, lakini mfuko wake unapata njia yake hadi kwa mnunuzi, na mbele ya juji linafika jina la mfuko tu. Asistanti alifunga mkoba wake. Alisema mshtakiwa amekataa kufanya zoezi, kwa hiyo mshtakiwa ana sifuri.

Sifuri ile ilimaanisha mwaka mzima, na mama aliijua maana yake kabla sijamaliza kueleza. Hakunipigia kelele. Alifungua sanduku, akatoa kitenge chake cha misa, akamfunga kuku miguu. Kesho tutaenda kumwona, alisema, na wewe utalomba pardon.

Nikamwambia sijakosa. Akanijibu kwa jibu alilonilea nalo.

"Shi ni bantu benye balikuya. Muntu mwenye alikuya hasemake na nguvu."

Sisi ni wa kuja, na aliyekuja hasemi kwa nguvu. Alikuwa na haki ya kuogopa. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na mama alizaliwa hapa hapa. Lakini akiwa msichana aliwahi kukaa stesheni na mabunda ya familia, ulipofika wakati wa kuambiwa kwamba wenye asili kama yetu hapa si kwao. Wengine walipanda treni hawakurudi. Tangu hapo mama anaamini kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na magoti yake ameyafanya pasipoti. Naijua hofu yake na ninaiheshimu. Ila sikuwa tayari kuirithi kama sufuria.

Nikamwambia nitamsindikiza, lakini mdomo wangu nitauacha nyumbani.

Asistanti alitupokea kwenye mlango wa ofisi, wanafunzi wakipita. Mama hakungoja kuingia. Aliweka kuku chini, akapiga magoti juu ya saruji, kitenge chake cha misa kikagusa vumbi.

"Tata, umusamehe mutoto. Anasoma mingi, kichwa inakuwa moto."

Sitaki kumsingizia mtu yule. Aliona haya. Alimwambia, "Mama, simameni, simameni," akaangalia huku na huku. Kisha akanigeukia akasema jambo ni dogo. Niseme pardon, neno moja tu, nirudie zoezi kama lilivyoandikwa, na yeye atanipa alama za kunivusha.

Mama akainua uso kunitazama. Mwaka wangu wote ulikuwa kwenye uso ule, na ningeweza kuuchukua kwa neno moja. Lakini nilimwona kaka pia, mavumbi kwenye magoti yake. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na nimeona mara nyingi watu wakitekeleza nusu ya kwanza tu. Nilipitisha mkono chini ya kwapa la mama, nikamwinua.

"Simama, mama. Sitasema."

Alisimama kwa shida. Alijipangusa magoti polepole, moja kisha la pili, nami nikajiandaa kwa kofi. Halikuja. Mama alimgeukia asistanti, na kwa sauti ile ile ya unyenyekevu akasema:

"Tata, niulizeko kitu kimoja?"

"Muulize, mama."

"Mutoto wangu mwanaume, balisemaka aliiba mufuko. Ile mufuko, nani aliionaka?"

Asistanti alisema kwamba hiyo kesi haijui.

"Mi pia siijui," mama alisema. "Na miye njo nilimuambiaka alombe pardon."

Hakulia. Aliinama, akamchukua kuku wake, akatangulia. Kuku tulimla Jumapili, naye kaka alipewa firigisi, ambayo kwetu hapewi kila mtu.

Sifuri ilibaki sifuri. Nilirudia mwaka, na wapo ndugu waliosema nimeuchezea. Waache waseme. Nilikaa kwenye benchi lile lile, nikaandika maelezo yale yale. Ilipofika kesi ya kuigiza, asistanti yule yule akauliza nani atacheza mshtakiwa. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Siku ya zoezi nilikuta juu ya meza mfuko wa unga uliojazwa udongo, umefungwa kwa kamba, una karatasi yenye mhuri wa kuchora kwa kalamu. Asistanti hakunitazama. Juji akaniuliza kama ninautambua mfuko ule. Niliuzunguka, nikaukagua chini na juu, nikachukua muda wangu wote.

"Siutambui," nilisema.

Nilifaulu. Siku ya kutangazwa matokeo mama alikuwa ananingoja kwenye geti la chuo pamoja na kaka, na kopo lilikuwa mkononi mwake. Nililijua hata kabla sijaliona vizuri, lilikuwa na kutu kwenye kifuniko. Alinimwagia kichwani huku akipiga vigelegele, poda ikaniingia puani na machoni, nikafumba macho nikingoja nyingine, maana mama akimwaga huwa hasazi. Haikuja. Nilipofumbua nikamwona amesimama kwa vidole vya miguu, kwa kuwa kaka ni mrefu, anamwagia yeye iliyobaki, anakung'uta kopo hadi mwisho. Kaka alisimama wima, hakujipangusa, poda ikamshukia kwenye kope.

Mama mmoja aliyekuja kumpokea mwanawe akauliza, "Na ye pia alifaulu?"

"Hapana," mama alimjibu. "Ye, leo njo anatoka."