Suruali ya Dada Niru

Tulipokuwa wadogo pale Mabatini, nguo mpya ilikuja mara moja kwa mwaka, Krismasi, pamoja na wali, soda na kuumwa tumbo. Wa rika langu mnakumbuka. Gauni lilishonwa kubwa makusudi, "utalikulia," ukalivaa likifagia barabara. Siku lilipokukaa vizuri lilikuwa limeshapauka, na siku iliyofuata lilihamia kwa mdogo wako. Mama alikuwa na onyo lake alilolitoa kila Jumapili akinifunga mkanda wa gauni: "Ukilichafua kabla ya misa, utaingia kanisani na ngozi yako." Sikuwahi kumjaribu. Mama hakuwa mtu wa mzaha katika mambo ya kuvua watu.

Alikuwa fundi cherehani. Alikaa barazani kwenye duka la vitambaa la Mzee Ramji, Mhindi aliyezaliwa Mwanza na baba aliyezaliwa Mwanza, ambaye Kisukuma chake cha kupatana bei kilikuwa kizuri kuliko cha katekista wetu. Mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka nje, mama akampima kiuno na kumwambia ukweli kuhusu kiuno hicho. Mimi nikitoka shule nilijibanza chini ya meza ya kukatia nguo, nikila michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga na kusikiliza yasiyonihusu. Mwenye duka kwa jina alikuwa Mzee Ramji. Mwenye duka hasa alikuwa mkewe, Mama Dinesh, mama mnene mwenye sauti nyembamba, aliyekaa kwenye kiti kirefu karibu na droo ya pesa na kuona kila kitu, hata mawazo ya watu.

Kisha biashara huria ikaingia. Vitu tulivyokuwa tukivisikia kwa waliosafiri vikaanza kumwagika mitaani: sabuni zinazonukia, viatu vya raba, redio za betri mbili, na juu ya vyote, mitumba. Watu waliiita kafa-Ulaya, wakiamini kwamba mwenye koti lile hakulitoa kwa hiari. Hatukujali. Marehemu alikuwa na koti zuri, basi.

Aliyejali ni Mama Dinesh. Wateja wake wa zamani walianza kupita mbele ya duka wamevaa makoti ya watu warefu, hawageuzi hata shingo. "Nguo za maiti!" aliwafokea kutoka kwenye kiti chake. Siku moja akatoka nje kabisa, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi kwa sababu ya magoti, akamwambia mama: "Mama Kabula, sikia. Anayekaa kwenye baraza yangu asiguse mtumba. Akigusa, abebe cherehani yake aende."

"Nimesikia, mama," mama akajibu. Angejibu nini? Baba alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, yuko nyumbani akirekebisha kiti kilekile kila siku. Cherehani ile na baraza ile ndivyo vilivyotulisha.

Ndipo akaja Dada Niru.

Dinesh, mtoto wa pekee wa duka lile, alitafutiwa mke Gujarati, India, bibi harusi akaletwa na sanduku la chuma limejaa sari. Jina lake kamili lilikuwa Nirmala. Alikuwa amesoma chuo huko kwao, na alikuwa na macho ya mtu anayetaka kuuliza swali. Mwezi wa kwanza aliketi nyuma ya duka akikunja vitambaa na kulia kidogo, kwa adabu. Halafu akagundua njia ya kutoka nje, hadi barazani kwetu: alisema anataka kujifunza Kiswahili.

Akajifunza kwetu. Hilo Mama Dinesh hakulifikiria vizuri. Mwalimu wake nilikuwa mimi, pamoja na akina mama waliotoka Magu na Misungwi kununua vitenge, na sote herufi ya r ilitushinda kwa viwango mbalimbali. Baada ya miezi michache bibi harusi wa Kihindi akawa anasalimia wateja, "Kalibu, mayu, habali za nyumbani?" Mayu ni mama kwa Kisukuma. Wateja walicheka mpaka wakanunua. Mama Dinesh alishika kichwa.

Tulimpenda, ila alitutia wasiwasi. Hakula nyama, hilo tulilielewa. Lakini hakula na samaki. Mtu ahamie Mwanza, sato wanaruka karibu mlangoni, yeye aombe dengu! Mama alimwombea kwenye jumuiya.

Alasiri moja hapakuwa na mteja. Dada Niru akaketi kwenye kigoda karibu na mama, akashusha sauti. "Mama Kabula, nataka suluali."

Mama akaacha kukanyaga cherehani. Wenzangu mnajua mwanamke wa suruali alikuwa nani siku zile. Watoto tulimsindikiza kwa kuzomea mpaka kwao. "Suruali ya nini, mwanangu?"

"Ya mifuko." Akaeleza kwamba kwao alikwenda chuo kwa baiskeli, amevaa suruali, ufunguo mfuko huu, karanga mfuko huu. "Hapa nina sanduku zima la sali. Nina duka zima la vitambaa. Sina nguo. Mkono wangu hauna pa kukaa."

Mama aliguswa. Alijaribu kumshonea kwa siri, lakini suruali pekee aliyoijua ni kaptula ya shule, kwa hiyo alichukua kaptula ya shule akairefusha. Dada Niru alipoivaa, angeweza kuingia humo na mtu mwingine. Alimshukuru mama kwa heshima zote. Kisha wakatazamana, wakaanza kucheka hadi mama akajichoma sindano.

Bahati ikatoka kwa Mama Dinesh mwenyewe. Alitaka kujua wachuuzi wa mnadani wanauza kanga kwa bei gani, akamtuma mama aende mnada wa Kisesa akachunguze. Dada Niru akainamisha kichwa, akaomba aende naye akajifunze biashara. Mama mkwe alifurahi sana. "Mmemsikia? Huyo ndiye mkwe!" Tukapanda gari la mizigo lililobeba chumvi, wao wawili mbele kwa dereva, mimi juu ya magunia, na upepo ukinijaza vumbi puani kwa raha kabisa.

Mnada wa enzi zile jamani! Ng'ombe huku, mbuzi huku, masufuria, kuku wamefungwa miguu, moshi wa nyama, na katikati ya vurugu zote milima ya mitumba juu ya maturubai. Dada Niru alianza kwa kumgusa ng'ombe mmoja kwenye paji la uso kwa heshima, kama walivyofanya kwao. Mwenye ng'ombe akatoka mbio, akadhani kapata mnunuzi, akatufuata akitutajia maziwa ya ng'ombe yule na ya mama yake ng'ombe yule. Ilibidi mama amfukuze.

Kwenye mlima wa suruali alisimama kijana mmoja mrefu, Masanja, miguu imezama kwenye nguo hadi magotini. "Chagua mwenyewe! Chagua mwenyewe!" alipiga kelele. Alipomwona Dada Niru akanyamaza. Watu nao wakageuka kutazama.

"Leo Mhindi ananunua mtumba," mzee mmoja akasema. "Tumekwisha."

Dada Niru hakumsikia, au alijifanya. Aliinama, akaanza kuchambua. Alitupa huku, akavuta kule, sari imeingia vumbi, nywele zimefumuka. Sikuwahi kumwona hivyo. Mwishowe akavuta suruali moja ya jinzi, buluu iliyofifia, akaingiza mkono kwenye mfuko wa kulia, kisha wa kushoto, kisha mifuko ya nyuma. Akina mama wakamzungushia kanga ajaribu. Kutoka ndani ya kanga zikasikika sauti za mapambano.

"Imembana nyuma," mmoja akatangaza.

"Ndiyo inavyotakiwa," mwingine akasema.

"Wewe umejuaje inavyotakiwa?"

Alipotoka, Masanja alikuwa ameshapanga bei ya Mhindi, bei ambayo ingenunua mbuzi na kamba yake. Dada Niru akamtazama, akaweka mikono mifukoni, akasema taratibu: "Ng'wanawane, hii suluali ni ya malehemu. Malehemu hana haja ya hela."

Mnada mzima ukalipuka. Kumwita kijana mwenye ndevu "mwanangu", kwa lafudhi ya Misungwi! Masanja alicheka mpaka akakaa juu ya bidhaa zake. "Huyu Msukuma kabisa," alisema, akampa kwa bei ya Msukuma. Mama naye akaninunulia viatu vyekundu, na njiani kurudi akaniambia, "Viatu hivi vimetoka kwa shangazi yako. Umesikia?" Nikasikia. Shangazi mwenyewe alikuwa hajawahi kuninunulia hata pipi.

Tangu siku ile, jioni Mama Dinesh alipokwenda hekaluni, Dada Niru aliivaa suruali yake kwenye ua wa nyuma. Hakufanya lolote la ajabu. Alitembea tu kutoka bombani hadi ukutani na kurudi, mikono mifukoni, akitafuna karanga. Dinesh alimtazama kutoka mlangoni, akipiga mluzi mdogo. Nadhani ndoa yao ilianza pale.

Yangeendelea hivyo, ila Masanja alikuja mjini. Asubuhi moja aliingia dukani, tena wakati wote wamo: Mama Dinesh kitini, Mzee Ramji nyuma ya kaunta, Dinesh akipanga vitambaa, Dada Niru akifuta rafu. Masanja alipomwona akanyoosha mikono yote miwili. "Mayu wa Kisesa! Suruali inakukaaje?"

"Suruali gani?" Mama Dinesh akauliza.

Mama alikimbilia ndani na mkasi mkononi. "Shikamoo, mama. Ni ya mume wangu, nilimnunulia mume wangu."

"Hapana, hii ilikuwa ya kike," Masanja akasema. Wapo watu Mungu aliwaumba bila mlango wa mdomo.

Mama Dinesh hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. "Mama Kabula, beba cherehani yako."

Mama akatoka nje barazani, akaanza kukunja vitambaa vya watu kimoja kimoja, na mikono yake, ambayo sikuwahi kuiona ikikosea, ilishindwa kufunga fundo. Mimi nilivua viatu vyekundu, nikavificha chini ya meza, kana kwamba vingesaidia.

Dada Niru akaweka chini kitambaa cha kufutia. "Mama, ni mimi nilimwomba. Akiondoka, na mimi naondoka."

"Uende wapi? Una nani hapa?"

"Nina yeye." Akamwonyesha mama kule barazani. "Mama, mimi tangu nimekuja sijachagua kitu. Sali hizi mmechagua ninyi. Bangili hizi mmechagua ninyi. Hata Dinesh sijamchagua."

Dinesh akakohoa.

"Sasa nimemzoea, nampenda," akaongeza, "lakini sikumchagua. Suluali nimechagua mwenyewe."

Masanja aliona ameharibu, akataka kutengeneza. "Mama, usigombe bure. Mbona hiyo ni mali yenu wenyewe? Mimi marobota yangu yote ya mitumba nachukua kwa mzee huyu."

Mama Dinesh aligeuza kichwa polepole, akamtazama mumewe. Mzee Ramji alikuwa ameshika futi na anapima kitambaa ambacho hakuna aliyekiagiza. Alipima, akapima tena.

"Ramji," mkewe akasema. Sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina.

Mzee akaweka futi chini. "Vitenge haviuziki kama zamani," alisema kwa Kiswahili, nadhani ili tuwe mashahidi. "Ningekuambia ungekataa. Kama ni kufukuza, anza na mimi. Mama Kabula mwache."

Yaliyofuata yalikuwa ya Kigujarati na yalichukua muda. Kigujarati sikijui, lakini siku ile nilikielewa chote. Masanja alijitoa kinyumenyume hadi barabarani. Mwishowe Mama Dinesh aliomba maji, akanywa, akatoka nje na magoti yake, akamkuta mama anahangaika na fundo. Hakuomba msamaha. Alichukua kile kitambaa, akakirudisha juu ya meza. "Kuna sketi ya mwalimu haijaisha," akasema. "Anakuja saa nane."

Mama alikaa akalia, huku anashona. Sketi ya mwalimu ilitoka imepinda, na mwalimu alilipa bila kugundua.

Mitumba haikuingia ndani ya duka, Mama Dinesh alikataa hadi mwisho, lakini iliruhusiwa uani, na mama akapata kazi mpya ya kupunguza makoti ya watu warefu. Dada Niru akaanza kuvaa suruali mchana kweupe. Mama mkwe alivumilia wiki nzima bila neno, kisha akamwambia, "Kama unavaa, basi ipige pasi." Baba mwenyewe aliacha kile kiti, akawa anabeba marobota.

Sasa duka lile limegawanywa, upande wanauza simu, upande wanatoa pesa. Mzee Ramji na mkewe walifariki, Mungu awarehemu. Dada Niru na Dinesh walihamia nchi ya baridi, ugenini kwa mara ya pili, na akinipigia bado ananiambia "habali", wajukuu zake wanashangaa hiyo ni lugha gani. Mama yuko kwetu Magu, macho yamechoka, hashoni tena.

Na mimi nina binti. Huyu hajawahi kukanyaga mlima wa nguo. Anachagua gauni kwa kidole, amelala, hajaoga. Wiki iliyopita lililetwa gauni ambalo kwenye simu lilikuwa refu, limevaliwa na mzungu na upepo unalipuliza. Kutoa kwenye mfuko, linamtosha mdoli. Akanuna kutwa nzima, akaandika maneno makali kwenye simu. Nikamwambia avae viatu, twende kwa huyo muuzaji tukamgombeze uso kwa uso, atarudisha na chenji.

"Mama, hana duka," akaniambia. "Hata sijui ni nani."

Nilimhurumia mwanangu, kwa kweli. Sisi aliyetutapeli tulimjua kwa jina, tulijua na kwa mama yake, na tukikutana naye asubuhi njiani alitupa shikamoo.