Alivyonitafsiria Kaka Rajabu

Juzi binti yangu alikuwa akiangalia kwenye simu filamu mpya ya ile hadithi ya msichana aliyevuka mto kwenda nchi ya wanyama wanaosema. Ilipofika mahali mama wa msichana anafumba macho, ndipo nilipojua kwamba yule mama hufa.

Mimi niliiona ile ya zamani, kwa jirani yetu pale Misugusugu, mchana ambao shangazi alitutoa nyumbani ghafla. Sebule ilinukia mihogo ya kukaanga. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, na kaka Rajabu, aliyekuwa sekondari, alinitafsiria huku amenishika mkono.

"Mama yake amefanya nini?" nilimuuliza.

"Amelala. Binti akirudi ataamka."

Tuliporudi nyumbani, wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka na ubani unafuka. Mama alikuwa chumbani, amefunikwa shuka nyeupe hadi kichwani. Nilikaa karibu naye, nikamwambia shangazi kwa furaha, "Tumesharudi. Ataamka sasa hivi."

Kaka alitoka nje, nami nikaendelea kumsubiri mama mpaka walipokuja kumwosha.