Mpira Haupungui

Mwanangu anafanya kazi kwenye shimo la pampu ya kuvuta maji. Jumatatu ile alipaswa kuteremka kuweka joint mpya, ule mpira wa duara unaozuia maji yasipite kati ya vyuma viwili. Joint ikikatika yeye akiwa chini, maji yanamkuta hapo. Ngazi ni moja.

Aliyechora joint ni binti yake mwenyewe, mjukuu wangu, enjinia. Jumamosi asubuhi umeme ulirudi, akafungua kompyuta juu ya meza yangu. Alikuwa ameugawanya ule mpira vyumba vidogo vidogo kama wavu, ili kompyuta iubane polepole, ionyeshe kama utavumilia. Kila mara ilisimama mahali pamoja, kwenye kona ya mfereji wa chuma unaoushika mpira, ikaonyesha rangi nyekundu.

“Inasema nini?”

“Volime negatifu, Kambo.” Kambo ndiye mimi, bibi yake. “Chumba kimoja kimebanwa mpaka kimegeuka ndani nje. Nafasi ya ndani yake, ile volime, iko chini ya ziro.”

Shule niliachia darasa la tatu. Lakini neno lile sikuliacha lipite. Chungu kitupu ninakijua. Chungu chenye pungufu ya utupu sikijui, na mwanangu ndiye angekaa karibu nacho.

“Si mpira, ni wavu tu iko mubaya,” akasema. Alikwisha kupunguza hatua za kubana, akaweka vyumba vidogo zaidi pale kwenye kona. Inasogea kidogo, inasimama. “Nitafuta vile vyumba vibovu, imalize. Shefu wa kazi anataka karatasi ya hesabu leo.”

“Kwenye kompyuta unafuta. Kule chini nani atafuta?”

“Kambo, weye unajua kompyuta?”

“Minye najua mpira. Nyamaza.”

Miaka mingi nilikata mipira ya ndani ya magurudumu ya malori, nikauza mikanda ya kufungia magunia ya makala, makaa ya kupikia, kwenye kinga, baiskeli zetu. Mkate ukiubana unapungua. Mpira haupungui, unahama. Nikamuuliza ameuachia wapi pa kuhamia. Akanionyesha: mfereji wa chuma umejaa, imebaki ufa mwembamba pale kwenye kona, na kona yenyewe kali kama kisu.

Tukaenda uani. Nikaweka mpira mnene kati ya vyuma viwili vya kona kali, nikamwambia akaze etau, kile chombo cha kubania. Mpira ukatoka kwenye ufa kama ulimi. Akakaza tena. Tulipofungua, ulimi ulikuwa umekatwa nusu.

Akakiokota kile kipande, akakigeuza, akakiacha kianguke. 

Baba yake, mwanangu, akaingia, akaona vipande chini. “Ba-mama, nyama imeisha ku soko? Sasa tunakula mipira?”

“Jumatatu hauteremuke,” nikamwambia.

“Mama, chuma wameisha kukichonga. Shefu ataniita mwoga.”

“Aniite minye.”

Mjukuu wangu akampigia shefu mbele yetu, akamwambia hesabu imekataa. Shefu akauliza kama kosa ni la kompyuta.

“Hapana, shefu. Nilitaka kufuta mahali ilipokataa. Kona inakata mpira, tumeijaribu.”

 Shefu akasema chuma kirudi kuchongwa, kona ziwe za mviringo, mfereji upanuliwe, na hesabu ianze upya.

Jumatatu mwanangu alibaki juu. Hesabu bado inaenda, pampu imesimama, na shimo linazidi kujaa maji. Simu ikilia, kwanza ninageuka kutazama kama yeye bado yuko kwenye kiti chake hapa nyumbani.